Seva ya Picha na Video Nyumbani: Kisanduku cha Dukani, Kompyuta ya Ofisi Iliyotumika au Raspberry Pi?

Familia nyingi za mijini zina hazina ya picha na video iliyotapakaa ovyo: DVD za harusi zilizoanza kukwaruzika, simu zilizojaa, flashi ambazo hakuna anayekumbuka zina nini, na diski moja ya nje ambayo nyumba nzima inaitegemea. Anayeamua kuvikusanya vyote mahali pamoja, ili vitazamwe kwenye televisheni ya sebuleni na visipotee, hukuta njia tatu mbele yake. Anaweza kununua kisanduku cha NAS, yaani hifadhi ya diski inayounganishwa na mtandao wa nyumbani, kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, kama vile vya Synology na QNAP. Anaweza kuchukua kompyuta ya mezani iliyostaafishwa ofisini na kuigeuza kuwa seva, yaani mashine inayohifadhi faili na kuzigawa kwa vifaa vingine vya nyumbani. Au anaweza kutumia kompyuta ndogo ya Raspberry Pi iliyounganishwa na diski za nje.

Ulinganisho huu umeandikwa kwa kumfikiria mtu anayeishi Dar es Salaam, Mombasa, Zanzibar au mji mwingine wenye joto, vumbi na umeme unaokatika. Msimamo wangu ni kwamba kwa nyumba nyingi za namna hiyo kompyuta ya ofisi iliyotumika, yenye diski mbili pacha (zinazohifadhi data ileile) na UPS (betri ya akiba ya kuishikilia mashine umeme unapokatika), ndiyo inayotoa thamani kubwa zaidi kwa fedha, ilimradi ndani ya nyumba awepo mtu mmoja aliye tayari kuitunza. Asipokuwepo, kisanduku cha dukani kinashinda, na kinashinda kwa mbali.

Kasi si kigezo

Wengi huanza kwa kuuliza ipi ina kasi zaidi, na swali hilo huwapeleka kununua wasichohitaji. Video ya simu yenye ubora wa 4K, kwa fremu 30 kwa sekunde na kodeki (njia ya kubana video) ya HEVC, huchukua takriban megabaiti 170 kwa dakika, yaani kama gigabaiti 10 kwa saa. Ile ya 1080p huchukua karibu megabaiti 60 kwa dakika. Kwa hesabu hiyo diski ya terabaiti 4 hubeba zaidi ya saa 380 za video za 4K, na familia ya kawaida itachukua miaka mingi kuijaza. Upande wa mtandao, hata filamu ya Blu-ray isiyobanwa upya kwa kawaida haizidi megabiti 40 kwa sekunde, ilhali waya wa mtandao wa gigabiti moja hupitisha zaidi ya mara ishirini ya kiasi hicho. Njia zote tatu zinakidhi mahitaji hayo, na anayelalamika kwamba video inakwamakwama mara nyingi atagundua kuwa tatizo ni Wi-Fi inayopita kuta mbili za tofali kabla ya kufika kwenye televisheni.

Jambo moja tu la kasi ndilo linalozitenganisha njia hizi, nalo ni kugeuza video. Televisheni isipoweza kusoma muundo wa faili, seva hulazimika kuligeuza papo hapo huku mtazamaji akisubiri, na kazi hiyo huielemea prosesa isiyo na kitengo maalumu cha video.

Raspberry Pi

Hii ndiyo inayovutia zaidi kwa mtazamo wa kwanza. Ni ndogo, haina kelele, na pamoja na diski mbili ndogo inakula takriban wati 10 tu. Lakini Raspberry Pi 5, iliyotoka mwaka 2023, haina kabisa kitengo cha kutengeneza video upya ambacho Pi 4 ilikuwa nacho, kwa hiyo kugeuza video kunaiangukia prosesa yenyewe. Ubaya mkubwa zaidi uko kwenye umeme wa diski. Milango yote ya USB ya Pi 5 kwa pamoja hutoa ampea 1.6 ikiwa adapta ni ile rasmi ya wati 27, na hushuka hadi ampea 0.6 kwa adapta dhaifu, wakati diski moja ndogo ya kuzunguka inaweza kuhitaji karibu ampea 1 inapoanza. Matokeo yake ni diski zinazojitoa na kurudi zenyewe bila taarifa, na hakuna mfumo wa kuhifadhi faili unaopenda kufanyiwa hivyo. Ugonjwa huo unaponywa kwa kitovu cha USB chenye adapta yake, pamoja na kuachana na kadi ya memori kama makao ya mfumo endeshi. Ila ukishanunua hivyo vyote pamoja na kasha na feni, gharama inakuwa imekaribia ile ya kompyuta ya mtumba ambayo ina nafasi ya diski ndani yake.

Siitupi kabisa. Inafaa kuwa mashine ya nakala ya pili, kama itakavyoonekana baadaye.

Kisanduku cha dukani

Fadhila ya kisanduku cha NAS ni mfumo wake uliokamilika kuliko maunzi yake. Unaingiza diski, unafungua kivinjari, unajibu maswali machache, na ndani ya saa moja simu za nyumbani zinaanza kupeleka picha zenyewe. Mfumo wa DSM wa Synology una programu ya picha, ya nakala rudufu na ya kusoma taarifa za UPS, zote zikiwa zimejaribiwa pamoja, na masasisho huja yenyewe. Kwa mtu asiyetaka kujua mstari wa amri ni nini, hiyo ni fadhila isiyopimika kwa wati wala kwa gigabaiti.

Kinachopungua ni nguvu na uhuru. Kisanduku kama DS224+ cha Synology huja na prosesa ya Celeron J4125 na RAM ya gigabaiti 2, maunzi ambayo kompyuta ya ofisi ya bei ya chini zaidi huyapita bila jasho. Ubao wake mkuu ukiharibika baada ya dhamana, hupati kipuri kwa fundi wa mtaani; unanunua kisanduku kingine. Habari njema ambayo wauzaji hawaitaji ni kwamba mpangilio wa diski wa Synology umejengwa juu ya zana za kawaida za Linux, mfumo endeshi huria, kwa hiyo diski zenyewe zinaweza kusomwa kwenye kompyuta nyingine yenye Linux endapo kisanduku kimekufa.

Anayenunua kisanduku anakubali pia kuishi chini ya maamuzi ya mtengenezaji. Mwezi Aprili 2025 Synology ilitangaza kwamba mashine zake mpya za daraja la Plus zingekubali kikamilifu diski zake yenyewe au zile ilizozithibitisha tu, na baada ya malalamiko mengi ikalegeza sharti hilo mwezi Oktoba kwa toleo la DSM 7.3. QNAP nayo ilipitia mitihani ya aina nyingine: Aprili 2021 programu hasidi ya Qlocker ilifungia faili za wateja wake wengi na kudai fidia, na Januari 2022 ikafuata DeadBolt. Waathirika wa mashambulizi hayo walikuwa wameziacha mashine zao wazi kwenye intaneti, kosa ambalo hata mwenye kompyuta ya mtumba anaweza kulifanya. Tofauti ni kwamba visanduku vinavyofanana duniani kote huwa shabaha moja kubwa.

Kompyuta ya ofisi iliyotumika

Hapa ndipo soko la sasa limekuwa upande wa mnunuzi. Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, ukiacha vighairi vichache, haizikubali prosesa za Intel zilizotangulia kizazi cha 8. Kwa hiyo ofisi za Ulaya na Ghuba zinazitoa mashine za kizazi cha 7 kwa wingi, na Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre za umri huo zinapatikana Kariakoo ya Dar es Salaam na Luthuli ya Nairobi kama zinavyopatikana kila penye duka la kompyuta za mtumba. Bahati ni kwamba kizazi hicho hicho cha 7 ndicho cha kwanza cha prosesa za mezani za Intel ambacho kitengo chake cha video kinasoma na kugeuza HEVC ya biti 10 kikamilifu, muundo unaotumiwa na filamu nyingi za 4K. Seva haina haja ya Windows, na hivyo kilichoifanya mashine ishuke bei hakikuhusu hata kidogo.

Kununua kunahitaji macho. Mwombe muuzaji afungue kifuniko, kisha uhesabu nafasi za diski za inchi 3.5, kwa sababu maumbo ya kompyuta hizi hutofautiana sana. Zile ndogo kabisa zinazotoshea nyuma ya skrini hazina hata nafasi moja. Zile nyembamba za kulala mara nyingi zina moja. Zile za mnara ndizo zenye uwezekano wa mbili au zaidi. Angalia pia soketi za SATA za kuunganishia diski kwenye ubao mkuu na nyaya za umeme za diski, kwani Dell na HP hutumia vigavi umeme (power supply) vyenye plagi zao wenyewe ambavyo havibadilishwi kwa cha kawaida cha dukani. Core i5 ya kizazi cha 7 au 8 yenye RAM ya gigabaiti 8 inatosha, pamoja na SSD ndogo ya mfumo endeshi.

Mfumo wa kuweka ndani yake ni uchaguzi mwingine. OpenMediaVault, uliojengwa juu ya Debian (aina ya Linux), ni mwepesi, hauchagui maunzi, na unamruhusu mtu kuanza na diski moja ya ext4, mfumo wa faili wa kawaida wa Linux. TrueNAS, ambao zamani uliitwa FreeNAS, unataka RAM isiyopungua gigabaiti 8 na diski yake pekee ya mfumo, lakini unakuja na ZFS, mfumo wa faili uliozaliwa Sun Microsystems na kutolewa hadharani mwaka 2005. ZFS huweka alama ya uhakiki kwa kila kipande cha data, na kinaposomwa huikagua. Kipande kikiwa kimeharibika kimyakimya kwenye diski moja, hukichukua kizima kutoka kwenye pacha wake na kusahihisha. Kwa picha za watoto na video za wazee waliokwisha kutangulia, ambazo hazipakuliwi tena kutoka popote, mimi ningechagua ZFS bila kusita. Unraid hulipiwa leseni, na sifa yake ni kuchanganya diski za ukubwa tofauti. Ni mzuri kwa mkusanyaji wa filamu mwenye diski sita, si kwa nyumba yenye mbili.

Umeme

Diski mbili kubwa ndani ya kompyuta ya mnara hufanya jumla ya wati 35 hadi 40 mashine ikiwa haina kazi nzito. Wati 40 usiku na mchana kwa siku 30 ni uniti 28.8. Kisanduku cha NAS cha diski mbili hutumia karibu wati 15, yaani uniti 11 hivi, na Raspberry Pi yenye diski ndogo uniti 7. Kwa bei ya kawaida ya majumbani Tanzania Bara, ambayo pamoja na kodi na tozo ni shilingi 350 na ushee kwa uniti, kompyuta inazidi kisanduku kwa takriban shilingi 6,300 kwa mwezi, au elfu sabini na kitu kwa mwaka. Nchini Kenya, ambako uniti ni ghali zaidi, pengo linapanuka. Hata hivyo tofauti ya bei ya kununulia kati ya mashine hizo mbili ni kubwa kiasi kwamba huchukua miaka kadhaa kabla umeme haujaifuta.

Kuna kundi moja ambalo hesabu hii inaligeukia: kaya za Tanzania zilizo kwenye ruzuku ya matumizi madogo yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi. Seva inayokula uniti 29 peke yake inaweza kuisukuma kaya hiyo nje ya kiwango, na hapo kisanduku chenye kuzilaza diski, au kompyuta inayowashwa jioni na kuzimwa usiku, ndiyo busara.

Kukatika kwa umeme kunadhuru zaidi ya bili. UPS si anasa kwa yoyote kati ya hizi tatu, na ile isiyo na mlango wa USB inafanya nusu ya kazi, maana haiwezi kuiambia seva kwamba umeme umekatika. Ikiwa na mlango huo, TrueNAS, OpenMediaVault na DSM zote huweza kujizima kwa utaratibu betri inapoelekea kwisha. Stebilaiza ya friji haifanyi kazi hiyo. Hulinda dhidi ya umeme mdogo au mkubwa, haihifadhi chochote. Kwenye kompyuta ya mtumba ingia BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine) uiamuru ijiwashe umeme unaporudi, la sivyo utaikuta imezimika kila utokapo kazini. Betri ya asidi huchakaa haraka kwenye joto, na kanuni inayotumiwa na mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza umri wake kwa nusu, kwa hiyo UPS iliyofichwa kabatini Dar es Salaam isitegemewe kwa miaka mitano.

Diski

Gharama kubwa katika njia zote tatu ni diski, na hapa kisanduku na kompyuta hulingana. Epuka diski zinazoandika kwa mtindo wa SMR, ambao hupandanisha njia za data kama makuti ya paa, kwa kuwa kuijenga upya diski pacha juu ya SMR huchukua muda mrefu mno na wakati mwingine hushindikana. Mwaka 2020 Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za Red, zilizouzwa mahususi kwa NAS, zilikuwa za SMR. Tangu hapo zile za kawaida za CMR, zisizopandanisha njia, zinauzwa kwa jina la Red Plus. Seagate IronWolf ni za CMR.

Diski za mtumba ni kishawishi kikubwa, na mimi ningenunua kompyuta ya mtumba lakini si diski ya mtumba. Januari 2025 iligundulika Ujerumani kwamba diski za Seagate zilizokwisha kutumika kwa maelfu ya saa zilikuwa zikiuzwa kama mpya, kumbukumbu zao za SMART (zinazoonyesha afya na saa za kazi za diski) zikiwa zimefutwa hadi sifuri. Diski za Seagate zina kumbukumbu nyingine iitwayo FARM, ambayo haikuguswa, na amri ya smartctl kuanzia toleo la 7.4 huisoma. Saa za FARM zikizidi kwa mbali zile za SMART, irudishe diski kabla hujaweka picha hata moja.

Jellyfin au Plex

Programu inayopanga video na kuzipeleka kwenye televisheni huchaguliwa kando na mashine. Plex ina sura nzuri na inapatikana karibu kwenye kila televisheni ya kisasa, lakini kuingia kwake hupitia seva za kampuni, kugeuza video kwa kitengo cha prosesa kunalipiwa, na tangu 29 Aprili 2025 kutazama video zako ukiwa mbali na nyumbani pia kunahitaji malipo, huku leseni ya maisha ikipanda kutoka dola 120 hadi 250. Jellyfin, iliyojitenga na programu ya Emby Desemba 2018, haidai chochote na hufanya kazi ndani ya nyumba hata kifurushi cha intaneti kikiisha, jambo ambalo huku si dogo. Baadhi ya televisheni hazina programu yake, na dawa ni kisanduku cha Android TV. Kwa kuitazama seva ukiwa safarini, usifungue mlango wa rauta. Kampuni nyingi za simu hata hazikupi anwani ya pekee ya intaneti. Tailscale, programu inayounganisha vifaa vyako kwa mtandao binafsi, hupita vikwazo hivyo kwa usalama, na inaingia kwenye mashine zote tatu.

Utunzaji, na nakala iliyo kwingine

Baada ya mwezi wa kwanza wa shauku, seva huhitaji dakika chache kila mwezi, na hapa ndipo njia hizi zinapoachana kweli. Kisanduku hutuma barua pepe diski inapoanza kuugua na hujisasisha. Kompyuta hufanya hivyohivyo pale tu mwenyewe alipoipangia: ukaguzi wa ZFS wa diski nzima kila mwezi, vipimo vya SMART, na anwani ya kupelekea taarifa. Toleo kubwa la mfumo likitoka, inabidi mtu asome maelezo kabla ya kubonyeza. Joto la diski lisizidi nyuzi 45, feni na matundu yapulizwe vumbi kila baada ya miezi michache, na kwa wanaoishi karibu na bahari mashine isiwekwe dirishani, kwani upepo wa chumvi hula viunganishi. Ikiwa anayeyajua haya ni kijana anayekwenda chuoni mwakani, basi nunueni kisanduku.

Diski pacha hulinda dhidi ya diski kufa. Hazilindi dhidi ya mtoto kufuta folda, mwizi kubeba mashine, moto, wala programu ya kudai fidia, kwa sababu kinachotokea upande mmoja hutokea wa pili papo hapo. Hapa ndipo Raspberry Pi inapopata heshima yake: moja yenye diski moja ya nje na adapta nzuri, iliyowekwa nyumbani kwa ndugu mtaa mwingine na kupokea picha mpya usiku kupitia Tailscale, ni nakala ya mbali kwa uniti chache za umeme. Penye intaneti ya kupima kwa gigabaiti, diski mbili za nje zinazobadilishana, moja ikikaa nyumbani na nyingine kwa shangazi, zikabadilishwa kila mnapotembeleana, zinafanya kazi ileile. Zibebe picha na video za familia tu, filamu ziachwe, ili diski ndogo itoshe na unakili umalizike ndani ya jioni moja.